Kifungo cha Nne

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute umeketi, mguu mbovu umeunyoosha juu ya kigoda, na miwani umeipandisha kwenye paji la uso huku unaitafuta nyumba nzima. Goti linaendeleaje? Uliniambia daktari amekukataza ngazi, nami nakujua: ulimwitikia vizuri, ukamshukuru, ukatoka ukazipanda. Shemeji je, kikohozi kimemwachia? Mwambie asiache dawa njiani kwa sababu tu amepata nafuu ya siku mbili. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeng'olewa meno mawili ya nyuma, na nywele nimeacha kuzipaka rangi, kwa hiyo nikijitazama kwenye kioo namwona mama kabisa, hasa nikinuna. Na siku hizi nanuna sana.

Barua yako niliipata Jumanne, nimeisoma mara nne. Unasema watu wa hafla wamekupigia simu, wamekutumia tiketi, na kitambaa umeshakipeleka kwa fundi, ila unataka kujua kama rangi ya zambarau inamfaa mtu atakayeketi mstari wa mbele. Unasema pia kwamba safari hii, baada ya miaka thelathini na moja, utaitazama ile filamu yangu, hata kama ni kipande tu, maana moyo umeshaota sugu. Dada, kwa sababu ya sentensi hiyo nimefunga mlango, nimezima simu, nimechukua kalamu. Kuna jambo ambalo lazima ulisikie kwangu kabla hujakanyaga ukumbi ule. Lakini nivumilie kwanza niwaseme hawa watu, kwa sababu nyongo imenijaa hadi kooni, na nisipoitema hilo jambo lenyewe halitapata pa kupita.

Wenyewe wanaiita hafla ya heshima. Itafanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, na kwenye kadi wamechapa uso wangu wa miaka thelathini iliyopita. Mimi wa leo hawakumtaka. Kipande watakachoonyesha ni kile kile cha siku zote, na hata wewe ambaye hujakiona umekisikia: mama aliyefiwa na mtoto anaketi kitandani na sweta ya mtoto mapajani, anafunga vifungo kimoja kimoja kama vile mtoto yumo ndani. Watu wa kazi yetu hukiita Kifungo, basi. Wakisema mwigizaji fulani amepiga Kifungo, wote wanaelewa kwamba ameliza watu bila kutoa chozi. Kila mwaka wananivika kilemba cha ukoka kwa ajili ya dakika hiyo moja. Filamu nyingine arobaini na tatu nilizocheza ni kama nilikuwa nimelala.

Wiki jana wakanipeleka redioni niitangaze hafla. Mtangazaji ana sauti nzuri sana na kichwa kitupu kabisa. Alikuwa ameandikiwa kwenye karatasi kwamba nimesifika kwa sababu ya Kifungo, na yeye hajawahi kuiona hiyo filamu. Akawaambia wasikilizaji kwamba leo tunaye mama aliyepitia mengi, kisha akaniuliza kwa huruma nilifungwa kwa kosa gani, na gerezani tulikuwa tunalala wangapi kwenye chumba kimoja. Nikadhani ananitania. Akauliza tena, akitaka kujua nilitumikia miaka mingapi. Nikamjibu kwamba ni thelathini na moja na bado sijatoka. Akanipa pole. Wasikilizaji wakapiga simu kunipa pole, na mmoja akaapa kwamba shangazi yake alikuwa gereza moja na mimi na kwamba nilikuwa napenda kuimba. Nilicheka kwenye ngazi za kutokea mpaka mlinzi akaniletea maji. Halafu kicheko kikakatika ghafla, maana nilisikia nilichokuwa nimejibu.

Wewe unajua jinsi nilivyoianza kazi hii. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kasuku, nikiwa na miaka sita, kwa kuiga kila kitu chenye pumzi. Niliiga mwendo wa tarishi aliyekuwa akichechemea, niliiga mama akihesabu vijiko, na siku ile niliiga kicheko cha shangazi mezani, shangazi mwenyewe akiwa ameketi pale pale. Ukanipiga teke chini ya meza. Teke lako lilikuwa ndiyo shule yangu ya kwanza ya uigizaji. Lilinifundisha mahali pa kuachia. Nilipokuja huku kwenye kamera, hapakuwa na mtu wa kunipiga teke. Walikuwapo wa kunipigia makofi tu.

Na kanuni yangu ya kazi unaijua, nimeisema kwenye magazeti mpaka imechakaa. Sitii dawa ya machozi. Hawa wa siku hizi wanadondoshewa matone machoni kama wagonjwa, wakimaliza wanapangusa, wanauliza chakula kimefika. Mimi kila mara nashika kitu cha kweli mkononi, kitu ambacho kamera haikioni. Nilipocheza mjane nilishika ufunguo wa nyumba ya baba, ile iliyouzwa. Nilipocheza mwalimu nilishika kipande cha chaki kutoka darasa tulilosoma mimi na wewe. Mkono ukishika uongo, uso nao unadanganya. Ndivyo ninavyowahubiria wanafunzi wangu. Na kila mwanafunzi, kila mwandishi, ameniuliza nilishika nini siku ya Kifungo. Nami huwa natabasamu, nasema hiyo ni siri ya kazi. Nimelitazama tabasamu hilo kwenye picha, dada. Ni tabasamu la mtu aliyekula cha mwenzake akapangusa mdomo.

Mwezi uliopita niliingia darasani nikakuta wasichana kumi na wawili wamejipanga, kila mmoja na sweta yake, wananifanyia Kifungo kama zawadi ya heshima. Kumi na wawili kwa mpigo! Ungedhani umeingia kwa dobi. Mmoja wao, mwenye bidii kuliko wenzake, akanifuata baadaye kuniuliza kama mdomo nauma upande wa kushoto au wa kulia, maana kwenye nakala yake picha ina chengachenga. Nikamjibu kwamba ni wa kushoto. Kisha nikaenda chooni nikanawa uso, nikanawa tena, na bado nikajiona mchafu.

Sasa kuna bwana wa matangazo. Hafla inadhaminiwa na kampuni ya sabuni ya kufulia, na huyu bwana alinijia nyumbani, ananukia manukato mpaka chai yangu ikabadilika ladha. Akanieleza kwamba amepata wazo ambalo halijawahi kumjia mtu. Yule mama wa Kifungo amezeeka, sasa ni bibi. Anaketi kitandani, anakunja sweta safi ya mjukuu, anafunga vifungo, anainusa, anatabasamu. Halafu yanakuja maneno makubwa, na hapa bwana akainua mikono kama mtu anayefungua pazia: Usafi Haufi. Nilipaswa kummwagia ile chai. Badala yake akasema tangazo litaonekana kila mahali na watoto wadogo watanijua upya, nami mtu mzima wa miaka sitini na tatu nikafurahi. Nikasema sawa.

Jumatatu nikaenda. Chumba cheupe, kitanda chenye mguu uliokatika ukainuliwa kwa tofali, dirisha la karatasi na taa nyuma yake ndiyo jua. Pembeni beseni la povu, na povu lenyewe ni la kunyolea ndevu kwa sababu la sabuni yao linakufa haraka mbele ya kamera. Jionee mwenyewe. Nikajikaza kisabuni, na sijui kama kuna siku neno hilo liliwahi kunifaa kuliko siku hiyo.

Mama wa mavazi ni mtu ninayemheshimu, mikono yake haikosei. Alikuwa amefuma sweta upya, kijani ile ile, mifuko ile ile. Akanivuta kando akanong'ona, macho yanang'aa, kwamba miaka yote akiitazama filamu ile moyo ulikuwa unamuuma kwa sababu kifungo cha nne hakipo. Alikuwa akiona ni aibu ya watu wa mavazi wa zamani, hawakukagua kazi yao. Basi yeye amewasitiri. Ameshona vyote vitano. Akavivuta mbele yangu kimoja kimoja nione uzi ulivyo imara.

Nikaketi kitandani. Mwongozaji akasema tuanze. Nikafunga cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kidole gumba changu kikaenda kwenye tundu la nne kama kinavyokwenda siku zote, kikakuta kifungo kipo. Mkono ukakataa, dada. Ukabaki hewani kama mkono wa mtu mwingine. Mwongozaji akasema turudie. Tukarudia mara nne, na mara zote kidole kilifika pale kikagoma. Mara ya tano nikainama, nikatapika ndani ya beseni la povu. Watu wakakimbia huku na huku. Bwana wa matangazo alikuja mbio kuliko wote, akauliza kama sweta imechafuka.

Niliwatukana wote kimoyomoyo njia nzima ya kurudi nyumbani. Nimewatukana tena hapa, umesoma kurasa mbili za matusi yangu. Sasa yameisha, na niliyebaki ni mimi.

Siku ya pili baada ya kumzika mwanao, Bwana Mkubwa wetu, mama alinituma nikuletee chai. Nyumba ilikuwa imejaa watu na wewe ulikuwa umejifungia chumba cha watoto, ila mlango haukushika vizuri, ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Nikakuona. Umeketi kitandani na sweta yake ya kijani mapajani, ile aliyokuwa akiivaa hata jua likiwaka, akitembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, mpaka tukampa jina la Bwana Mkubwa. Ukafunga kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne hakikuwapo. Ukaingiza kidole gumba kwenye lile tundu tupu, ukakiacha humo. Hukulia. Uliuma mdomo, upande wa kushoto.

Tangu siku hiyo umekuwa ukinishukuru. Uliwaambia watu kwamba wote walikukumbatia mpaka ukakosa pumzi, ila mdogo wako peke yake alisimama mlangoni na chai mkononi akakuachia dakika ya mwisho na mwanao, akaelewa bila kuambiwa. Umelisema hilo msibani kwa mama. Umelisema mbele ya wageni wangu nilipotimiza miaka hamsini, ukanishika shavu, na watu wakafuta machozi.

Sikuelewa chochote, dada. Nilikuwa nakutazama. Nilihesabu. Kidole chako kilikaa ndani ya tundu lile kwa pumzi kumi na saba. Niliona bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, na nakumbuka maneno niliyojiambia: usilisahau bega. Miguu yangu ilitaka kuingia. Niliizuia kwa sababu ningeingia ungeacha, na mimi nilitaka kuona utamalizaje. Ulikuwa dada yangu, umefiwa, hatua tatu kutoka nilipo, na mimi nilikuwa kazini. Chai ilipoa mkononi. Ulipomaliza kukunja, ndipo nikabisha hodi.

Miezi mitano baadaye tulipiga picha. Maandishi yalisema mama anaanguka sakafuni anapiga mayowe. Nilimwomba mwongozaji wetu wa wakati ule, yule mzee asiyevua kofia, aniache na sweta tu. Niliomba iwe ya kijani. Nilikwenda nayo chooni nikakata kifungo cha nne kwa wembe, mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo wale watu wa mavazi ambao mwenzao amewaonea aibu miaka thelathini hawana kosa. Niliigiza mara moja, hatukurudia. Pumzi kumi na saba, bega, mdomo, vyote. Mzee alipotamka basi, mpiga picha alikuwa analia nyuma ya kamera. Mimi nilikuwa na furaha. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na ndiyo inayonitia kinyaa kuliko mengine yote.

Bado sijamaliza, na ningetamani niishie hapo.

Unakumbuka kwamba wiki ile kabla hajashikwa na homa alilala kwangu, kwa mama yake mdogo, siku tatu. Alikuwa ana tabia ya kukitafuna kile kifungo mpaka uzi ukaachia. Wiki tatu baada ya msiba uliniandikia, ukaniomba niangalie chini ya kitanda changu, kwenye nyufa, kila mahali, kwa sababu ulitaka kukishona kabla hujaiweka sweta sandukuni. Uliandika kwamba huwezi kuifungia ikiwa na pengo. Nikakujibu kwamba nimefagia chumba kizima, nimesogeza hata kabati, hakipo.

Kilikuwapo. Nilikipata siku ile ile ya barua yako, nyuma ya mguu wa kitanda. Jibu lile nililiandika kikiwa mezani, karibu na kalamu. Maandishi ya filamu nilikuwa nimeshayapokea, na kanuni yangu unaijua. Ndicho nilichokishika, kiganja cha kushoto, chini ya sweta, kamera isikione. Nimekaa nacho miaka thelathini na moja kwenye kikasha cha hereni. Bwana wa sabuni ninayemwona mchafu, yeye angalau alikuja kuniomba.

Nimewapigia simu watu wa hafla wakiondoe kile kipande. Walicheka kwa upole, wakasema mama unatania, sasa tutaonyesha nini? Nikawaambia kwamba sitapanda jukwaani mpaka nisikie kutoka kwako, wakadhani ni madeko ya uzee. Tiketi unayo. Ukija, njoo ukijua ni nani yule kitandani: ni wewe. Usipokuja nitajua, nami nitaketi nyumbani. Ukitaka kuja usimame mbele ya watu wote uwaambie, nitakushika mkono mpaka kwenye kipaza sauti. Msomee shemeji barua hii ama usimsomee, alikuwa mwanawe pia. Msamaha sikuombi humu. Naijua kazi yangu. Naweza kuandika ombi la msamaha likakuliza, na nisijue kama aliyeandika ni mimi au ni Kasuku. Nakuambia tu kwamba nimeiandika hii kwa mkono wa kulia, na wa kushoto uko wazi juu ya meza, haujashika kitu.

Msalimie shemeji, na wanetu wote, na fundi wako mwambie akuachie nafasi kiunoni, asikubane kama mwaka ule. Zambarau inakufaa. Goti usilichezee. Namwomba Mungu akupe afya hata ukiamua kwamba mimi na wewe tumemalizana.

Ni mimi mdogo wako,

Kasuku

N.B. Ndani ya bahasha hii mna bahasha nyingine ndogo, usiifungue ukiwa umesimama. Sweta najua bado unayo. Sijakiosha. Uzi wa kijani umebaki kwenye tundu moja, na ukikigeuza kwenye mwanga, ukingoni, utaona alama za meno yake.